Nodi Ikizimika Katikati ya Msimu: Jumla za Korosho Zinarudi Kutoka Wapi?

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, mizani za vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS kama tulivyozoea kuviita, hazipumziki kutoka Nanyumbu hadi Kilwa, Kusini mwa Tanzania. Mkulima analeta magunia, yanapimwa, daraja linaandikwa, anapewa risiti, na mzigo unakwenda ghala kuu kusubiri mnada. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani tunao kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008, na uhai wake unategemea jambo moja: kilo zilizoandikwa chamani zilingane na kilo zilizopokelewa ghalani, na hizo zilingane na kilo zilizolipwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuchukulie, kwa ajili ya makala hii tu, kwamba daftari hilo limegeuzwa programu. Kila mizani ina kifaa kinachotuma rekodi fupi papo hapo: namba ya risiti, namba ya mkulima, chama, daraja, kilo na saa ya kupima. Rekodi zinapokelewa na klasta, yaani kundi la kompyuta zinazogawana kazi moja. Kila kompyuta, au nodi, inashika vyama kadhaa, na jumla za kila chama zinabadilika kwenye skrini rekodi zinavyoingia. Hiyo ndiyo kazi ya kuchakata data inayotiririka. Faili haina mwisho, kwa hiyo huwezi kusema "tusubiri ziishe ndipo tujumlishe".

Sasa saa 5 asubuhi, mizani zote zikiwa kazini, nodi inayoshika jumla za Tandahimba inazimika. Jumla zinatoka wapi?

Kuna programu zisizokumbuka kitu. Ile inayochukua kilo, kuzigeuza tani na kupitisha mbele, ikifa unawasha nyingine na hakuna atakayejua. Programu inayojumlisha ni tofauti, kwa sababu inakumbuka. Kile inachokikumbuka kinaitwa hali: jumla ya kila chama, orodha ya risiti zilizokwisha kuonekana, mahesabu ya siku ambayo bado hayajafungwa. Kwa ajili ya kasi, hali hukaa karibu na programu, kwenye kumbukumbu au diski ya nodi ile ile. Nodi ikiondoka, hali inaondoka nayo. Kuwasha kompyuta nyingine ni jambo la dakika moja. Ugumu ni kuipa kompyuta hiyo kumbukumbu sahihi, wakati mizani huko nje hazijasimama kumsubiri mtu.

Amekufa au amechelewa?

Kabla ya kurejesha chochote, mfumo unapaswa kujua kwamba kuna aliyekufa. Njia inayotumika ni ishara za uhai: kila nodi humwambia mratibu, yaani programu inayosimamia klasta nzima, "nipo" kila baada ya muda mfupi, na ikinyamaza kupita kikomo inahesabiwa imekufa. Katika Apache Flink, programu ya kuchakata data inayotiririka, mipangilio ya kawaida ni ishara kila sekunde 10 na kikomo cha ukimya cha sekunde 50. Programu zinazosoma kutoka Apache Kafka, hifadhi ya rekodi nitakayoieleza mbele, hutuma ishara kila sekunde 3, na tangu toleo la 3.0 huvumiliwa hadi sekunde 45.

Lakini ukimya hausemi sababu yake. Nodi inaweza kuwa imeungua, inaweza kuwa imeganda kwa nusu dakika wakati Java inasafisha kumbukumbu, au waya wa mtandao umelegea. Kwa anayesubiri upande wa pili, yote hayo ni kitu kimoja. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihesabu kwamba pale ambapo ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, hakuna kanuni isiyotumia bahati nasibu inayoweza kuhakikisha kwamba kompyuta zitafikia makubaliano kila mara, hata kama inayoweza kufa ni moja tu. Kwa hiyo sekunde 50 za Flink ni makisio ya busara na si zaidi ya hapo. Ukizipunguza, utawazika wazima. Ukiziongeza, maiti atakaa sebuleni.

Kumzika mzima kuna balaa lake. Nodi iliyoganda inazinduka, haijui kwamba nafasi yake imekwisha kuchukuliwa, inaendelea kuandika jumla zake. Sasa kuna makarani wawili wa Tandahimba, kila mmoja na kalamu yake. Dawa yake ni namba ya awamu. Kila anayekabidhiwa kazi hupewa namba kubwa kuliko ya aliyemtangulia, na hifadhi inakataa maandishi yoyote yanayokuja na namba ndogo. Mzee akirudi na namba 7 wakati kazi iko kwenye 8, anafungiwa mlango. Ni kanuni ndogo, na mfumo wa kujitengenezea usiokuwa nayo mimi nisingeukabidhi hata hesabu ya chai ya ofisini.

Kwetu Kusini inafaa kutenganisha kifo cha nodi na kukatika kwa njia. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika eneo la Somanga. Tarehe 12 mwezi huo huo, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ikayumba nchi nzima. Klasta iliyoko kwenye kituo cha data, kompyuta zake zikiwa chumba kimoja, haifi kwa sababu ya tukio kama hilo. Nodi zake zinaendelea kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Kinachotokea ni rekodi kuacha kuingia, kisha kuingia kwa mafuriko njia ikifunguka. Ukilichukulia tukio hilo kama kifo cha nodi na kuanza kuwasha na kuzima mitambo, unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Rekodi zilizochelewa nitazirudia, maana nazo zina neno lao kwenye kurejesha.

Logi isiyofutika ukiisoma

Urejeshaji wote unasimama juu ya uwezo wa kusoma tena. Kama kifaa cha mizani kingetuma rekodi moja kwa moja kwa nodi ya Tandahimba, basi rekodi iliyopokelewa sekunde moja kabla ya kifo ingepotea, na hakuna hekima ya baadaye ingeirudisha. Ndiyo maana katikati huwekwa logi, yaani daftari ambalo rekodi huongezwa mwishoni moja baada ya nyingine, na inayojulikana zaidi ni Kafka, iliyozaliwa ndani ya kampuni ya LinkedIn na kufanywa huria mwaka 2011.

Kafka hugawanya rekodi katika sehemu, na ndani ya kila sehemu kila rekodi ina namba yake ya mfululizo. Kuisoma rekodi hakuiondoi. Msomaji hukumbuka tu namba aliyofikia, na anaweza kurudi nyuma akitaka. Kila sehemu huwekewa nakala kwenye seva kadhaa, kwa kawaida tatu, ili logi yenyewe isife na seva moja. Kuna kikomo: usipobadilisha mipangilio, rekodi hutunzwa kwa saa 168, yaani siku saba. Mtu anayetegemea kurudi kwenye jumla za wiki mbili zilizopita atakuta ukurasa umekwisha kuchanwa.

Jumla na namba lazima ziishi pamoja

Hapa ndipo penye kiini, na hapa nitakaa.

Programu yetu inasoma rekodi za chama kimoja. Ilipofika rekodi ya 400, jumla ilikuwa kilo 31,250. Ikaendelea, ikafika rekodi ya 460, jumla ikawa 35,900, ndipo nodi ikafa. Kati ya hapo kuna rekodi 60 zenye kilo 4,650.

Tuseme kabla ya kufa ilikuwa imehifadhi namba ya rekodi mara kwa mara, na jumla mara chache. Nodi mpya inakuta jumla ya 31,250 na maelezo kwamba imefikia rekodi ya 460. Inaendelea na ya 461. Kilo 4,650 za wakulima zimeyeyuka, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu uliotokea. Tugeuze: jumla ilihifadhiwa mara kwa mara, namba mara chache. Nodi mpya inakuta jumla ya 35,900 na namba 400. Inasoma upya rekodi 60 na kuzijumlisha juu ya jumla ambayo tayari inazo. Jumla inakuwa 40,550, na kwenye mnada kuna korosho za karatasi ambazo ghala halijawahi kuziona.

Katika hali zote mbili kila kipande kilihifadhiwa salama. Kilichokosekana ni vipande hivyo kuwa vya wakati mmoja. Jumla ya 31,250 pamoja na namba 400 ni jozi sahihi. Jumla ya 35,900 pamoja na 460 nayo ni jozi sahihi. Jozi ya zamani ni salama kabisa, kwa sababu logi itatuletea tena rekodi 60 na tutafika 35,900 kama awali. Jozi mchanganyiko ni sumu, hata kama nusu yake ni mpya kabisa. Ukilishika hili, mambo yaliyobaki katika fani hii ni namna mbalimbali za kulitimiza pale ambapo nodi ni nyingi.

Na nodi zikiwa nyingi, neno "wakati mmoja" lenyewe linaleta taabu. Saa za kompyuta hazilingani hadi nukta ya mwisho. Wakati nodi A inahifadhi jumla zake, kuna rekodi zimekwisha kutoka kwake lakini hazijafika kwa nodi B, ziko njiani. Njia ya moja kwa moja ni kusimamisha kila kitu, kusubiri njia zikauke, kuhifadhi, kisha kuendelea. Inafanya kazi, lakini mfumo unakwama kila mara unapohifadhi.

K. Mani Chandy na Leslie Lamport walionyesha mwaka 1985 kwamba si lazima kusimama. Wao wenyewe walitoa mfano wa wapigapicha wanaotaka kupata picha ya anga lililojaa ndege wanaohama. Anga ni pana mno kwa picha moja, picha nyingi haziwezi kupigwa kwa mkupuo mmoja, na ndege hawawezi kuambiwa watulie. Suala ni namna ya kupiga vipande ili vikiunganishwa vitoe picha yenye maana. Jibu lao ni alama inayopita katika njia zile zile zinazopita ujumbe wa kawaida na kutenganisha ya kabla na ya baada.

Flink, iliyotokana na mradi wa utafiti wa Stratosphere uliokuwa na makao yake Berlin, ilichukua wazo hilo na kulifanyia marekebisho. Mratibu huingiza alama ya mpaka kwenye kila chanzo, tuseme alama ya 12. Chanzo kinaandika namba ya rekodi kiliyofikia, kisha kinaisukuma alama mbele pamoja na rekodi. Alama haipiti rekodi yoyote na hakuna rekodi inayoipita. Nodi ya kujumlisha ikipokea alama ya 12, inajua kwamba kila kilichotangulia ni mali ya picha ya 12, yaani nakala ya hali inayohifadhiwa kwa alama hiyo, na kila kinachofuata ni cha picha ijayo. Inahifadhi hali yake, inapitisha alama, inaendelea na kazi.

Penye utata ni nodi yenye njia mbili za kuingilia. Tuseme inapokea kutoka Newala na kutoka Masasi. Alama ya Newala imefika, ya Masasi bado. Ikiendelea kupokea rekodi za Newala zilizo nyuma ya alama, zitaingia kwenye jumla kabla ya picha kupigwa, halafu baada ya kurejesha zitasomwa tena: tumerudi kwenye 40,550. Kwa hiyo inauzuia mlango wa Newala kwa muda, rekodi zake zinasubiri, inaendelea na za Masasi mpaka alama ya upande huo nayo ifike. Hapo ndipo inapiga picha na kufungua milango yote. Nodi zote zikishamjulisha mratibu kwamba zimehifadhi sehemu zao, picha ya 12 inatangazwa kuwa kamili. Ikikosekana sehemu hata moja, picha nzima haina thamani na ile ya 11 ndiyo inabaki kuwa tegemeo.

Kusubiri huko mlangoni kuna gharama pale foleni zinapojaa. Alama inakwama nyuma ya maelfu ya rekodi, picha inachukua dakika nyingi, na mfumo unakosa picha mpya hasa wakati unapozihitaji. Toleo la 1.11 la Flink, mwaka 2020, lilileta njia ya pili: alama inaruhusiwa kuruka foleni, na rekodi zilizorukwa zinahifadhiwa kama sehemu ya picha. Kwa kweli huko ni kurudi karibu zaidi na kanuni ya mwaka 1985, ambayo tangu mwanzo ilihifadhi pia yaliyoko njiani.

Picha lazima ikae nje ya nodi iliyopigwa, kwenye hifadhi ya pamoja ya mafaili kama HDFS au S3 ya Amazon. Hali kubwa huwekwa kwenye RocksDB, hifadhidata ndogo ya ndani ya nodi iliyotengenezwa Facebook, na tangu Flink 1.3 ya mwaka 2017 inawezekana kupeleka mabadiliko tu badala ya hali yote kila safari. Kwa hali ya gigabaiti mia kadhaa, bila hilo ungekuwa unanunua mtandao kuliko kompyuta.

Wazima nao hurudi nyuma

Jambo linalowashangaza wengi wanaoliona mara ya kwanza: nodi moja ikifa, zile zilizounganishwa nayo, ambazo hazina kasoro yoyote, nazo hutupa hali zao na kurudi kwenye picha ya 12. Inaonekana ni uharibifu. Lakini nodi ya Lindi iliyo hai imekwisha kupokea kutoka kwa marehemu rekodi za baada ya picha ya 12, na mrithi wa marehemu atazituma tena. Wote wasiporudi pamoja, aliyebaki mbele atahesabu mara mbili. Pale kazi inapogawanyika katika makundi yasiyopelekeana data, Flink hurudisha kundi lililoathirika tu na kuyaacha mengine yaendelee.

Zipo programu nyingine za kazi hii, zenye njia zao. Storm, iliyofanywa huria na Twitter mwaka 2011, ilifuatilia kila rekodi hadi ithibitishwe, na isipothibitishwa ilitumwa upya. Hakuna kilichopotea, lakini kilichojirudia kilikuwa tatizo lako. Spark ilikata mkondo vipande vidogo vya muda na kukumbuka namna kila kipande kilivyopatikana, ili kilichopotea kikokotolewe upya kwenye nodi kadhaa kwa pamoja. Kafka Streams huandika kila badiliko la hali kwenye logi yake maalumu, na mrithi huisoma logi hiyo kujenga hali upya. Mtego wake ni kwamba nakala za akiba zilizo tayari kushika kazi, usipoziomba, idadi yake ni sifuri. Hali ikiwa kubwa, mrithi atakaa akisoma muda mrefu huku watu wakimkodolea macho.

Ujumbe mfupi haurudishwi

Watengenezaji wa mifumo hii hupenda kusema kila rekodi inachakatwa "mara moja tu". Msemo huo umepoteza watu. Umeona mwenyewe kwamba rekodi ya 401 hadi 460 zilichakatwa mara mbili, kabla ya kifo na baada yake. Kinachohakikishwa ni kwamba athari yake kwenye hali inabaki ya mara moja. Na ahadi hiyo inaishia kwenye ukuta wa mfumo.

Fikiria mkulima wa Ruangwa anatumiwa ujumbe wa simu kila mzigo wake ukipokelewa. Rekodi ya 430 imechakatwa, ujumbe umetoka, nodi ikafa. Baada ya kurejesha, rekodi ya 430 inachakatwa tena, na ujumbe unatoka tena. Hali ya ndani imerudi nyuma; simu ya mkulima haikurudi. Kwa ujumbe, atauliza jirani. Kwa malipo, chama kitakuwa na kikao kirefu.

Kuna njia mbili za kuuvuka ukuta huo. Ya kwanza ni kufanya maandishi ya nje yawe ya namna ambayo kuyarudia hakubadilishi kitu. Badala ya kuiamuru hifadhidata "ongeza kilo 80", unaiambia "risiti hii ina kilo 80", namba ya risiti ikiwa ufunguo. Ukisema mara tano, matokeo ni yale yale. Mimi huanza na njia hii kila inapowezekana, kwa sababu inaeleweka hata saa nane usiku wakati mambo yameharibika.

Ya pili ni muamala wa hatua mbili. Matokeo yanaandikwa lakini hayaonekani kwa wasomaji. Alama ya mpaka ikifika yanafungwa kama "tayari". Picha ikitangazwa kamili ndipo yanathibitishwa na kuonekana. Kafka ilipata miamala katika toleo la 0.11 mwaka 2017, na Flink 1.4 ikaitumia mwishoni mwa mwaka huo huo. Bei yake ni kuchelewa: ukipiga picha kila dakika, msomaji anayesubiri yaliyothibitishwa tu huona matokeo kila dakika. Kuna pia shimo ambalo wengi hutumbukia. Seva za Kafka kwa kawaida haziruhusu muamala kudumu zaidi ya dakika 15. Klasta ikilala muda mrefu kuliko kikomo cha muamala uliokuwa "tayari", Kafka inaufuta, na kazi ikirejeshwa inadhani data hiyo imekwisha kuandikwa. Imepotea. Kikomo hicho kinapaswa kuzidi muda mrefu zaidi unaoweza kukaa bila mfumo, na hilo ni suala la kumuuliza fundi umeme kama unavyomuuliza mtu wa programu.

Ujumbe wa simu hauingii katika njia ya pili hata kidogo, maana hauna "tayari" wala "thibitisha". Unaupa namba ya kipekee inayotokana na risiti, na anayetuma anakagua kama namba hiyo imekwisha kutoka. Hata hapo kuna upenyo mwembamba kati ya kutuma na kuandika kwamba umetuma.

Sasa zile rekodi zilizochelewa. Kurudia kusoma kunatoa jumla ile ile kwa sharti kwamba programu haiangalii saa ya ukutani. Tuseme hesabu ya siku inafungwa saa 12 jioni. Mzigo umepimwa Liwale saa 11:58, nodi ikafa, rekodi ikasomwa upya saa 12:03. Programu inayotumia saa ya mashine itauweka mzigo huo kesho. Inayotumia saa ya kupimwa, iliyomo ndani ya rekodi, itauweka leo, hata kama ingesomwa mara kumi au ingechelewa kwa sababu mtandao wa Liwale ulikuwa chini. Saa ya mashine na namba za bahati nasibu vinaharibu urejeshaji kimyakimya.

Hesabu ya kukimbiza foleni

Watu hubishana sana kuhusu kupiga picha kila baada ya sekunde ngapi. Tufanye hesabu. Rekodi 2,000 zinaingia kila sekunde, picha inapigwa kila sekunde 60, kugundua kifo ni sekunde 50, kuwasha na kupakua hali ni sekunde 30. Ikitokea vibaya kabisa, tuna sekunde 140 za kazi ya kurudia na kufidia, yaani rekodi 280,000. Kama klasta ina uwezo wa kuchakata 5,000 kwa sekunde, ina ziada ya 3,000 juu ya zinazoingia, na foleni inaisha kwa sekunde 93 hivi. Kama uwezo wake ni 2,100, ziada ni 100 tu, na foleni itachukua sekunde 2,800, karibu dakika 47. Kupunguza muda wa picha hadi sekunde 30 katika klasta hiyo iliyobanwa kunakuokolea dakika 10 tu. Kuongeza nodi kidogo kunaokoa zaidi. Mfumo uliojaa hadi ukingoni siku ya kawaida hauna kitu cha kujiokolea siku mbaya.

Niseme pia wazi: mizani zote za Mtwara na Lindi kwa pamoja hazifiki kasi ya rekodi 2,000 kwa sekunde. Hizo ni namba za kampuni ya simu. Kwa vyama vya msingi, hifadhidata moja nzuri yenye nakala ya pili ingetosha, na anayekuuzia klasta ya Flink kwa kazi hiyo muulize kwanza nani atakaa nayo usiku.

Kuna kifo ambacho picha hazikitibu. Rekodi ya 461 ina kilo zilizoandikwa kwa herufi, programu inakwama na kufa. Mfumo unarejesha picha, unasoma upya, unafika 461, unakufa. Utarudia hivyo hadi asubuhi, kwa uaminifu mkubwa. Rekodi mbovu zinahitaji mahali pao pa kuwekwa kando ili kazi iendelee. Na hitilafu inayoharibu jumla bila kuua programu ni mbaya zaidi, kwa kuwa picha inauhifadhi uharibifu huo. Flink, isipoelekezwa vingine, hutunza picha moja tu ya mwisho iliyokamilika. Kabla ya kubadilisha toleo la programu, piga picha ya makusudi na uitunze pembeni.

Mratibu naye hufa, na akifa hakuna wa kukumbuka picha ya 12 iko wapi. Anuani ya picha ya mwisho huwekwa nje yake, mathalani kwenye ZooKeeper, programu ya kutunza taarifa za uratibu, ambayo huendeshwa kwa idadi witiri ya seva, tatu au tano, ili wengi wao waweze kukubaliana mmoja akikosekana. Mratibu mpya anaisoma anuani hiyo na kuendelea.

Jaribio la haya yote halihitaji kusubiri ajali. Andaa faili la rekodi ambazo jumla yake unaijua, zimwage kwenye logi kwa kasi ya kawaida, kisha iue nodi moja kwa nguvu, bila kuiaga, wakati kazi imepamba moto. Iue nyingine wakati urejeshaji wa kwanza haujaisha. Jumla ya mwisho ikiwa ndogo kuliko unayoijua, namba ya kusoma ilihifadhiwa mbele ya hali. Ikiwa kubwa, hali ilitangulia namba, au kuna nodi iliyozikwa hai bado inaandika. Jumla ikiwa sahihi lakini ujumbe wa simu umefika mara mbili, hitilafu iko nje ya ukuta, na huko picha nyingi zaidi hazitasaidia.